Wastani wa Jenerali

Jumatatu, 11 Februari 2019

Wamemhukumu Jenerali. Wa mwisho! Wa nne kati ya madume wanne! Nimetoka kikaoni chai hata sijamaliza, na mkate wa kukaanga nimeuacha mezani na jamu yake. Mimi, kuacha mkate!

Shangazi Hinewai, mwenyekiti wa kamati ya ukoo, ametangaza kwamba nyasi hazitoshi kwa ukame huu. Tuna madume wanne wa kondoo, tutabaki na watatu. Mmoja anapanda lori la machinjioni Jumanne ya wiki ijayo. Na safari hii hakuna kubishana, kasema, maana mwaka jana mlibishana mpaka viti viwili vikavunjika. (Mimi nilivunja kimoja tu.) Safari hii ni namba.

Namba za nani? Za Ngahuia, binti wa dada yangu, aliyerudi kutoka Auckland na shahada ya takwimu na kompyuta nyembamba kama kigae. Akasimama, akasoma kwa upole kama daktari mwenye habari mbaya. Wastani wa uzito wa wanakondoo wa kila dume, siku ya kuachishwa kunyonya. Kibogoyo, kilo thelathini nukta tatu tatu. Bondia, thelathini. Askofu, ishirini na saba. Jenerali, ishirini na nne nukta tatu tatu.

Kibogoyo wa kwanza! Lile dume la binamu yangu Paratene, halina meno ya mbele, miguu imepinda, likikohoa linaanguka!

Paratene alicheka mpaka akapaliwa. "Binamu, usijali. Nitakuwekea paja la Jenerali, na viazi vitamu pembeni."

Nikamwambia paja nitakalolikata mimi si la kondoo. Shangazi akagonga meza. Nikatoka.

Jumanne, 12 Februari

Nimelala na hasira, nimeamka nayo, nimeivalisha mabuti.

Wanamjua Jenerali wale? Nilimtoa mtoni mimi mwenyewe, siku ya mafuriko, maji yamefika kwenye nyaya za simu. Niliogelea nimemng'ata shingoni kama paka anavyobeba mtoto wake. Nikamnyonyesha chupa nyuma ya jiko. Alipokua akalipiga trekta kichwa, trekta likalazwa gereji wiki nzima! Haingii zizini, hapandi kitu chochote, mpaka asikie sauti yangu. Dume wa namna hiyo azae wanakondoo wa kilo ishirini na nne? Na waliopimwa nimewapima mimi! Mikono hii!

Nilimfuata Ngahuia kibarazani kwa dada.

"Mashine yako ina wivu," nikamwambia.

"Mashine haina wivu, Mjomba. Inafanya inachoambiwa."

"Basi imeambiwa vibaya."

"Namba ulinipa wewe kwa simu, mwezi uliopita. Nimezikagua mara mbili. Ukitaka uzikague na wewe, njoo kesho nikufundishe."

Mimi nifundishwe! "Wewe unajua unaongea na nani? Mwaka themanini na saba nilinyoa kondoo mia nne kwa siku moja, mkono mmoja una bandeji!"

"Wiki iliyopita walikuwa mia tatu, Mjomba."

Mtoto hana adabu. Kesho nitakwenda. Si kujifunza — kumfumania.

Jumatano, 13 Februari

Lugha yenyewe inaitwa R. Herufi moja! Lugha gani ya herufi moja? Ngahuia anasema ilizaliwa hapahapa kwetu, chuoni Auckland, sasa inasemwa dunia nzima. Nikamwambia miaka hiyo nilikuwa Auckland napakua mizigo bandarini, na huenda hao walioitunga niliwahi kuwaelekeza njia. Akasema, "Huenda, Mjomba." Ile "huenda" siipendi.

Somo la kwanza: vekta. Ni msururu wa namba, basi. Kama kondoo kwenye kichochoro cha kuogeshea dawa, mmoja nyuma ya mwenzake, kila mmoja na nafasi yake. Unaandika herufi c, unafungua mabano, unazipanga na mkato kati yao. Namba zangu kumi na mbili akanionyesha, msururu mmoja, umepewa jina uzito. Ukiandika uzito[5] inakutolea wa tano peke yake. Nikiongeza moja, wote kumi na wawili wanaongezeka kilo kwa mpigo! Mimi kuwalisha mpaka waongezeke kilo moja hunichukua siku nne.

Lakini ina kiburi. Niliandika Uzito kwa herufi kubwa, ikajibu haimjui mtu huyo. Dakika moja tu iliyopita ilikuwa inamjua! Kisha nikasahau kufunga mabano. Ikaniwekea alama ya kujumlisha, ikanyamaza. Nikajumlisha. Ikaweka nyingine. Nikajumlisha tena. Nikaitukana. Alama nyingine.

"Inasubiri ufunge mabano, Mjomba."

"Si iseme basi!"

"Ndiyo inavyosema."

Nilifunga mabano kwa ngumi. Ngahuia akaivuta kompyuta karibu yake.

Alhamisi, 14 Februari

Leo matriksi. Jina kubwa, kitu chenyewe ni jedwali. Unauchukua ule msururu unaukata vipande: mistari inalala, safu zinasimama. Mistari minne, kila dume na mstari wake. Safu tatu, kila malisho na safu yake — Bwawani, Mtoni, Mlimani. Ukitaka kilo za Bondia kule Mlimani unaandika mstari wa tatu, mkato, safu ya tatu, ndani ya mabano ya pembe. Inakupa. Haikosei. Hiyo ndiyo inayoniudhi, kwamba haikosei.

Nimeangalia mstari wa Jenerali. Ishirini na sita, ishirini na tatu, ishirini na nne. Hivi hata malisho ya Bwawani, matope matupu, yanaweza kuyashinda ya Mlimani? Nimemwambia Ngahuia kuna kitu kinanuka. Akasema kinachonuka ni mabuti yangu.

Alipoingia ndani kuweka birika nikajaribu mambo yangu. Kuna amri ya herufi t, inageuza jedwali zima, waliolala wanasimama. Nikageuza. Jenerali akasimama, lakini kilo zilezile. Nikageuza tena, akalala. Kisha nikagundua kwamba ukiweka alama ya kutoa mbele ya namba ya mstari, mstari unaondoka. Nikamtoa wa nne. Kibogoyo hayupo! Amefutika duniani! Nilipiga meza kwa furaha mpaka vijiko vikaruka.

Ngahuia akarudi, akatazama. "Umemficha tu kwenye kioo, Mjomba. Kule malishoni bado anakohoa."

Ijumaa, 15 Februari

NIMEMKAMATA!

Niandike kwa utaratibu. Ngahuia alikwenda mjini Taumarunui, akaniachia kompyuta. Nikaamua kutengeneza jedwali langu mwenyewe, toka mwanzo, kwa namba zilezile kumi na mbili na mpangilio uleule. Na kwa kuwa vidole vyangu vinene na herufi zile ndogo, niliandika kwa ufupi. Yeye aliandika hivi:

matrix(uzito, nrow = 4, byrow = TRUE)

Mimi nikaacha lile neno la mwisho, byrow na ndugu yake. Nani ana muda? Nikabonyeza.

Jenerali: 26, 31, 34.

Thelathini na nne! Mlimani! Hao ninawakumbuka, wale wanakondoo walioniumiza mgongo! Nikatoa wastani. Jenerali, thelathini nukta tatu tatu. Bondia, ishirini na nane nukta tatu tatu. Askofu, ishirini na saba — ishirini na saba kule na huku, yule mjinga hata kosa halimgusi. Na Kibogoyo, ishirini na sita. Wa mwisho! Ile thelathini nukta tatu tatu waliyompa ilikuwa ya Jenerali, haipungui hata punje!

Kwa hiyo kompyuta haikuwa na kosa. Ukiiacha, inajaza namba kwa kushuka: safu ya kwanza mpaka chini, halafu ya pili. Ni yeye, msomi, aliyeiongezea neno la kuilazimisha ijaze kwa kulala. Neno moja, na dume la watu linachinjwa! Chuo kizima, miaka minne, halafu hivi?

Nimempigia Shangazi simu. Kikao Jumapili, baada ya chakula. Paratene naye nimempigia, nimemkoholea kwenye simu kama Kibogoyo, nikakata.

Jumamosi, 16 Februari

Nimemwogesha Jenerali. Ngahuia amepiga simu mara mbili, sikupokea. Atajua kesho mbele ya watu, kama mimi nilivyojua mbele ya watu.

Jumapili, 17 Februari

Sijui nianzie wapi. Nimekaa banda la kunyolea, sitaki kuona mtu.

Chakula kilikuwa kizuri, nyama na mboga za pori, nikala sahani mbili kwa ajili ya vita. Kisha nikasimama. Nikaunganisha kompyuta na ile televisheni ya ukumbini — mimi mwenyewe! — nikawaonyesha. Lenye neno, Jenerali wa mwisho. Lisilo na neno, Jenerali wa kwanza. Ukumbi ukaguna. Nikasema hivi ndivyo tunavyouawa na wasomi. Nikasema binti huyu hajui kazi, kazi yake ni kubonyeza tu. Nikasema mengi. Uso wake ulikuwa unabadilika na mimi naona, na sikunyamaza.

Paratene akaruka. "Hata mimi nikibonyeza nitapata Kibogoyo amekuwa waziri mkuu!"

"Kaa," Shangazi akamwambia. "Ngahuia. Lipi la kweli?"

Ngahuia akasimama. Sauti haikutetemeka, hilo namkubali. Akasema, "Mjomba amesema kweli, neno hilo ndilo linaloamua. Lakini kompyuta haijui namba ziliingiaje. Nilimwomba kwa simu anisomee kutoka kwenye daftari lake, dume mmoja mmoja: Jenerali malisho yote matatu, halafu Askofu malisho yote matatu, mpaka mwisho. Ndiyo maana nikaweka lile neno. Kama alisoma hivyo, langu ni sahihi. Kama alisoma malisho kwa malisho, lake ni sahihi. Wa kutuambia ni yeye." Akanigeukia. "Mjomba, ulisomaje?"

Na mimi! Mdomo wangu huu! Nilisikia tu kwamba ninaulizwa kama najua kufuata maagizo, mbele ya ukoo mzima, na kitoto nilichokibeba mabegani. Nikabweka, "Nimesoma kama ulivyoniagiza! Dume kwa dume, mstari kwa mstari! Unadhani sijui kusoma?"

Shangazi akaweka kijiko chini.

"Basi jedwali la Ngahuia ni sahihi," Shangazi akasema, polepole, kama anayetafuta miwani. "Turoa, umetuita hapa kutuambia nini?"

Hapo ndipo kichwa kilipoufikia mdomo. Nikakumbuka siku ile ya simu. Upepo. Ngahuia akisema "dume mmoja mmoja, Mjomba," na mimi "ndiyo, ndiyo, shika kalamu!" — nikazimwaga namba kama dalali mnadani. Nilizimwaga nikisoma wapi? Kwenye daftari? Daftari gani!

Hakuna daftari la uzito. Nikiwa zizini mikono imejaa matope napima, naandika kwenye ubao kwa chaki nyekundu ya kuwatia kondoo alama, kama baba, kama babu. Kila malisho na ubao wake. Ubao wa Bwawani una madume wote wanne, kutoka juu kwenda chini. Wa Mtoni hivyohivyo. Wa Mlimani hivyohivyo. Zote tatu ziko nyuma ya mashine ya kukandamiza manyoya. Siku ile nilisoma ubao wa kwanza nikauweka chini, nikachukua wa pili. Malisho kwa malisho! Mchungaji gani anatembea dume kwa dume? Tunatembea malisho!

"Lete daftari tulione," Shangazi akasema. "Lile nililokupa miaka mitatu iliyopita, lenye jalada la kijani na jina la ukoo. Ndani yake tutaona na mabishano yaishe."

Daftari lile ndilo hili. Hili ninaloandika! Lina "shangazi ana sauti ya honi," lina Paratene kurasa kumi na nne, lina kila kitu isipokuwa kilo za kondoo.

Nikasema limelowa. Nikasema liko juani linakauka.

"Basi," Shangazi akasema. "Lori Jumanne."

Jumatatu, 18 Februari

Nimezitoa mbao. Chaki bado inasomeka. Bwawani: 26, 23, 24, 22, kushuka. Nimekaa nazo kama mtu mwenye maiti tatu.

Nikizionyesha, Jenerali anapona. Na ukoo utajua kwamba miaka mitatu "daftari langu" ni uongo, kwamba Jumapili nilidanganya mbele ya picha za wazee wetu zinazoning'inia ukumbini, na kwamba kosa nililomtupia Ngahuia kama mfupa ni langu. Langu! Nimeandika hilo neno na nusura nitoboe karatasi.

Paratene alipita na pikapu. "Binamu, daftari limekauka?"

Nilimrushia buti. Likagonga kioo cha gari. Hata sikufurahi.

Mchana nilikwenda kwa dada. Nilijiambia naenda kusema. Ngahuia akafungua mlango mwenyewe, akaniwekea chai, akaniambia, "Samahani, Mjomba. Kwa kweli nilitamani wewe ndiye uwe sahihi. Nimerudia hesabu zote kwa matumaini labda nimekosea."

Samahani! Ananiomba mimi samahani! Angenitukana ningejua la kufanya. Ningemjibu, tungepiga kelele, katikati ya kelele ningeutema ukweli na usingeonekana. Lakini samahani? Nikanywa chai, ikaniunguza ulimi, nikasema jua kali, nikaondoka.

Mtu aliyenyoa kondoo mia tano kwa siku, mkono mmoja. Anashindwa kusema maneno sita.

Jumanne, 19 Februari

Naandika ndani ya pikapu, zizini. Lori limefika mapema, limerudi kinyumenyume mpaka kwenye daraja la kupandishia. Dereva anavuta sigara. Shangazi amekaa kwenye kiti chake cha kukunja, mwavuli juu. Ngahuia amesimama mbali kidogo, mikono mifukoni.

Mbao ziko nyuma ya pikapu, nimezifunika gunia. Nilizipakia asubuhi bila kujiuliza kwa nini. Mikono tu.

Wanajaribu kumpandisha Jenerali. Paratene na wenzake watatu wanasukuma. Hasogei. Amepanda miguu kama nguzo za uzio. Wanamvuta pembe, anamtupa mmoja kwenye vumbi — mwanaume! Wamemletea mbwa, mbwa amemtazama akakaa chini. Sasa wamegundua. Wote wamegeuka kunitazama mimi.

Anayeweza kumpandisha ni mimi peke yangu. Nikiita, atakuja. Atapanda lile daraja akijua yuko na mimi.

Shangazi ameita, "Turoa! Mtoe mnyama wako watu waende!" Nimeinua mkono kwamba nakuja. Siendi. Naandika. Ninyi subirini! Siku zote mnanisubiri nikiwa na la kujisifu, subirini na leo!

Ngahuia anakuja huku. Nadhani ametumwa. Hapana, hanitazami mimi, anatazama nyuma ya gari. Upepo umelifunua gunia. Nimemwona kiooni akiuinua ubao wa juu, akipangusa vumbi kwa kiganja. Ameweka kidole kwenye ishirini na sita. Kidole kinashuka. Ishirini na tatu. Kinashuka. Ishirini na nne. Ishirini na mbili. Ameuchukua wa pili. Kinashuka.

Hakuhitaji wa tatu.

Amekuja dirishani na ubao kifuani, chaki nyekundu imempaka shati. Nilingoja kelele. Nilizitaka. Ameinama, sauti ndogo, wale wasisikie. "Mjomba. Niseme mimi, au utasema wewe?"

Nimemwambia ngoja kidogo. Anangoja. Anaona ninaandika, anaona jalada la kijani na jina la ukoo. Nyuma yake Paratene anapayuka, "Turoa, mwite basi! Mwite!" — na Jenerali, kwa kusikia jina langu, ameinua kichwa na kuanza kunitafuta. Nafunga daftari, nashuka nalo.